Maswali ya Wasomaji: Mashine ya Infraredi na Mafunzo Yanayoitangulia

Katika toleo lililopita ukurasa huu uligusia kwa ufupi maabara za sayansi za ardhi katika vyuo vikuu, na ukataja kwamba mwanafunzi haruhusiwi kutumia mashine ya spektroskopia ya infraredi, yaani inayotambua madini kwa miale ya joto isiyoonekana, kabla hajapitia mafunzo ya usalama. Maelezo hayo mafupi yamezua maswali mengi, hasa kutoka Tanga, mkoa ambao mawe ya chokaa, vito, udongo na dhahabu ni riziki ya watu wengi. Tumechagua barua sita na kuzifupisha bila kubadili maana yake.

Mzazi, Chumbageni: Mhariri, salaam. Binti yangu yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, anasoma jiolojia. Ameniambia kwamba hawezi kuanza utafiti wake mpaka amalize mafunzo ya usalama, kwa sababu atatumia mashine yenye mionzi ya infraredi. Tangu siku hiyo sina raha. Kama mashine ni salama, mafunzo ya nini? Na kama si salama, je, haitamdhuru kizazi au kumletea saratani baadaye?

Mama yetu, hofu yako ni ya haki, na jibu la swali la mwisho ni hapana. Miale ya infraredi ndiyo joto unalolihisi usoni unapoinamia jiko la mkaa. Ilitambuliwa mwaka 1800 na mwanaastronomia William Herschel huko Uingereza, ambaye aliutawanya mwanga wa jua kwa mche wa kioo, akaweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni chochote, akaona zebaki inapanda. Nishati ya miale hii inatosha kuzitikisa molekuli, lakini haitoshi kuzivunja. Eksirei ina nishati inayozidi ile ya infraredi kwa zaidi ya mara elfu kumi, na ndiyo maana eksirei inaweza kuharibu chembe hai ilhali infraredi ya maabara haina uwezo huo.

Ndani ya mashine yenyewe kuna kijiti kidogo kinachopashwa moto kwa umeme mpaka kinawaka, vioo vinavyougawa mwanga na kuuunganisha tena, mahali pa kuweka sampuli, na kitambuzi kinachopima mwanga uliobaki baada ya sampuli kumeza sehemu yake. Kompyuta hutumia hesabu iliyoasisiwa na mwanahisabati Mfaransa Joseph Fourier kuyageuza matokeo hayo kuwa mchoro wenye vilele na mabonde, nao huitwa spektra. Aghalabu kuna pia leza ndogo nyekundu inayopima mwendo wa kioo kimoja. Mradi kifuniko hakifunguliwi, mashine hii ni miongoni mwa vifaa salama zaidi katika jengo zima.

Hatari iko katika kazi zinazotangulia na zinazozunguka kipimo. Jiwe halifiki kwenye mashine likiwa jiwe: limekatwa kwa msumeno, limevunjwa, limesagwa, na pengine limeoshwa kwa asidi. Kitambuzi cha mashine nyingine hupozwa kwa naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Katika chumba cha jirani huenda kuna mashine ya eksirei, ambayo matumizi yake nchini yanasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania chini ya sheria ya mwaka 2003, na binti yako anapaswa kujua ni mlango upi haufunguliwi bila idhini. Mafunzo ni ya mambo hayo. Chuo kinachomzuia binti yako mpaka ayamalize kinamtunza, na ningekuwa na wasiwasi zaidi kama kingemkabidhi ufunguo siku ya kwanza.

Mwanafunzi wa uzamili, Raskazone: Mhariri, shikamoo. Niko nyumbani Tanga kwa likizo. Utafiti wangu ni wa kupima maji yaliyonaswa ndani ya kioo cha volkano kwa hadubini ya infraredi. Mashine iko kwenye chumba kidogo, na kila baada ya saa kadhaa inahitaji kuongezwa naitrojeni ya kimiminika. Kanuni za maabara hazituruhusu kufanya kazi hiyo peke yetu wala usiku, hata sisi wenye cheti cha usalama tulichopata tulipokuwa stashahada katika chuo kingine. Tunaona ni urasimu. Hewa tunayovuta tayari ni naitrojeni kwa sehemu kubwa, sasa kuna ubaya gani?

Marahaba, mwanangu. Ni kweli kwamba naitrojeni si sumu, na karibu asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni. Ubaya wake ni kwamba inaweza kuchukua nafasi ya oksijeni bila wewe kuhisi lolote, na hilo linaeleweka vizuri zaidi kwa hesabu.

Lita moja ya naitrojeni ya kimiminika ikichemka na kurudi katika joto la kawaida la chumba hugeuka kuwa gesi ya karibu lita 700. Chukua chumba chenye upana wa mita 3, urefu wa mita 3 na kimo cha mita 2.5. Chumba hicho kina lita 22,500 za hewa. Ikiwa chupa ya lita 10 itapinduka na yote kuvukiza, gesi itakayotoka ni karibu lita 7,000, yaani takribani theluthi ya chumba. Oksijeni, ambayo kwa kawaida ni asilimia 20.9, itashuka mpaka kati ya asilimia 14 na 16 mlango ukiwa umefungwa. Kiwango kinachohesabiwa kuwa upungufu wa oksijeni kazini ni chochote kilicho chini ya asilimia 19.5. Kwenye asilimia 14 au 15 mtu hupumua haraka, huchoka, na kikubwa zaidi ni kwamba uamuzi wake huharibika, hata akaona ni busara kubaki chumbani apige deki sakafu badala ya kutoka. Oksijeni ikiendelea kushuka mpaka chini ya asilimia 10, mtu huzimia, na asipotolewa hufa.

Kinachoifanya hali hiyo kuwa mbaya kuliko moshi ni kwamba mwili hautoi onyo. Ile hali ya kubanwa na kutaka hewa huletwa hasa na kaboni dayoksaidi kurundikana damuni. Mtu aliye katika naitrojeni anaendelea kuitoa kaboni dayoksaidi kama kawaida, kwa hiyo habanwi kifua, na naitrojeni yenyewe haina harufu wala rangi. Tarehe 28 Januari 2021, katika mji wa Gainesville, jimbo la Georgia nchini Marekani, naitrojeni ya kimiminika ilivuja ndani ya kiwanda cha kuku na watu sita wakafariki. Hao walikuwa wafanyakazi wa kiwanda katika siku ya kawaida ya kazi, mchana, wakiwa wengi. Mtu mmoja ndani ya chumba kidogo usiku wa manane ana nafasi ndogo zaidi ya kuokolewa.

Ndiyo sababu ya kanuni ya watu wawili, ya mlango kubaki wazi wakati wa kujaza, na ya king'ora cha oksijeni ukutani. Kanuni hiyo ina sehemu ya pili ambayo wanafunzi huisahau: mwenzako akianguka ndani, usikimbilie kumvuta. Toka, piga kelele, fungua madirisha na milango unayoifikia ukiwa nje, na piga namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Hewa iliyomwangusha yeye itakuangusha na wewe, na hapo walinzi watakuta wawili.

Kuhusu baridi yenyewe, vaa glavu pana zinazovulika kwa urahisi ili kimiminika kikiingia uweze kuzikung'uta mara moja, kwa kuwa glavu inayobana huugandisha mkono pamoja nayo. Vaa ngao ya uso na viatu vilivyofunika mguu wote, na suruali iwe nje ya kiatu. Kandambili na yeboyebo haziruhusiwi, hata kwa safari ya dakika mbili ya kujaza kitambuzi. Usizibe chupa ya naitrojeni kwa kifuniko kinachobana, maana gesi isiyopata njia hupasua chombo. Usipande nayo lifti pamoja na watu, wala usiisafirishe ndani ya gari lililofungwa vioo. Wahamilishaji wa ng'ombe wa maziwa mkoani Tanga, ambao hutunza mbegu za madume katika mitungi ya kimiminika hiki hiki, wanayajua haya kwa mazoea ya kila siku, na mwanafunzi angejifunza mengi kwa kutembea nao siku moja.

Sasa kuhusu cheti chako. Sehemu ya mafunzo hayo unayo daima: kusoma alama za hatari kwenye chupa, kusoma karatasi ya taarifa za usalama ya kemikali yenye vifungu vyake 16, kuchagua glavu, kutathmini hatari kabla ya kazi. Hayo hayaharibiki kwa kuvuka geti la chuo kingine. Lakini cheti hicho hakijui valvu ya gesi ya jengo lako jipya iko wapi, bomba la kuoshea macho liko upande gani wa korido, king'ora cha oksijeni kinalia sauti gani na nani anashika ufunguo wa akiba. Maarifa hayo hupatikana kwa kuzungushwa na fundi sanifu wa maabara hiyo, chumba kwa chumba, na mtu aliyefanyiwa hivyo mara moja hawezi kudai kwamba amepotezewa muda.

Swali ambalo hukuliuliza lakini linafaa ni kama naitrojeni inahitajika kweli. Kwa utafiti wako, ndiyo, kwa sababu unapima eneo dogo kuliko nukta ya kalamu, mwanga unaopita ni haba, na kitambuzi cha zebaki, kadimiamu na teluriamu lazima kipozwe ili kelele zake za umeme zisifunike kilele cha maji kilicho karibu na namba 3550 kwenye spektra (namba hizi ni idadi ya mawimbi yanayoingia katika sentimita moja). Kwa unga wa kawaida wa miamba, kitambuzi kinachofanya kazi katika joto la chumba kinatosha kabisa. Njia bora ya kupunguza hatari ni kuiacha pale isipohitajika, na ningependa kila msimamizi wa utafiti aulize hilo kabla ya kuweka sahihi kwenye fomu.

Mwanafunzi wa kike, Ngamiani: Mhariri, nitaanza chuo mwaka huu. Nimeambiwa kwamba maabara wana masharti makali ya mavazi. Mimi navaa hijabu na sina nia ya kuiacha. Je, nitazuiwa?

Hapana, dada yetu, na mafunzo yaliyoandaliwa vizuri hulieleza jambo hili mapema ili asiwepo wa kuaibishwa mlangoni. Linalotakiwa ni nguo isiyoning'inia na isiyoyeyuka. Chagua hijabu ya pamba badala ya kitambaa cha plastiki, kwa kuwa nguo za nailoni na poliesta zikipata moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Ncha zake ziingize ndani ya koti la maabara na koti lifungwe vifungo vyote. Kwenye msumeno wa kukata mawe na mashine ya kung'arisha, ambavyo vinazunguka kwa kasi, usiache pindo lolote nje. Baibui pana livuliwe nje ya chumba cha msumeno na koti livaliwe juu ya gauni la mikono mifupi au suruali pana yenye kanzu fupi, kadiri unavyopenda. Wanaume nao wana lao: barakoa ya kuzuia vumbi inayotegemea kubana usoni haizibi vizuri juu ya ndevu, na mwenye ndevu atafutiwe kofia ya kinga yenye feni inayopuliza hewa iliyochujwa.

Mwalimu wa chuo, Tanga mjini: Ndugu Mhariri, chuo chetu kimeahidiwa na wafadhili spektrometa ya infraredi iliyotumika. Uongozi umefurahi na umeshatenga chumba kinachoangalia bahari. Tunaomba ushauri kuhusu maandalizi ya chumba na ya watu.

Mwalimu, hongereni, lakini kabla ya mashine kupanda meli badilisheni chumba. Adui wa kwanza wa kifaa hiki katika pwani yetu ni unyevu. Sehemu inayougawa mwanga, na madirisha madogo ya ndani, katika mashine nyingi hutengenezwa kwa potasiamu bromaidi, ambayo ni chumvi inayopitisha infraredi vizuri sana lakini hufyonza maji kutoka hewani, huingia ukungu, na hatimaye huyeyuka. Katika hewa ya Tanga, mashine iliyozimwa na kuachwa bila kinga inaweza kuharibika sehemu hiyo ndani ya msimu mmoja wa mvua za masika, na bei ya sehemu mpya hushtua. Waulizeni wafadhili kama mashine yao ina potasiamu bromaidi au ina zinki selenaidi, ambayo haiogopi unyevu ingawa hufunika eneo dogo zaidi la spektra. Swali hilo lina uzito kuliko umri wa mashine.

Chumba kiwe cha ndani, mbali na upepo wa chumvi, chenye kiyoyozi kinachofanya kazi mfululizo. Mashine iachwe ikiwaka usiku na mchana, kwa sababu joto lake dogo la ndani huzuia unyevu kutulia. Vidonge vya kukausha vilivyomo ndani vikaguliwe kila wiki na kukaushwa kwenye oveni vinapobadilika rangi, nanyi mchague vile vya rangi ya machungwa badala ya vile vya bluu, ambavyo hupata rangi yake kutokana na kobalti kloraidi yenye sumu. Umeme ukikatika mara kwa mara, wekeni betri ya akiba na kidhibiti volteji, maana kukatika na kurudi kwa ghafla ndiko kunakoua kijiti cha joto na ubao wa umeme.

Hata chumba kikiwa kikavu, mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi vitaonekana kwenye spektra, kaboni dayoksaidi karibu na 2349, na mwanafunzi asiyeelezwa ataandika kwamba ameipata ndani ya jiwe. Afundishwe kupima hewa tupu kwanza, kisha sampuli, na asipumulie mahali pa sampuli. Kila wiki pimeni utando wa polistaireni unaokuja na mashine. Kilele chake cha 1601 kikihama, simamisheni kazi mpaka sababu ijulikane.

Kwa usalama, ningeshauri mwombe kifaa cha kuwekea sampuli chenye kito kidogo cha almasi. Unga kidogo unabanwa juu ya almasi na kupimwa papo hapo, bila kutengeneza kidonge cha potasiamu bromaidi kwa mashinikizo ya tani kadhaa, na bila kusaga kwa muda mrefu. Hapo mmeondoa mashinikizo, mmepunguza vumbi, na kwa kitambuzi cha joto la chumba mmeondoa naitrojeni. Almasi yenyewe humeza mwanga kati ya takribani 1900 na 2300, eneo ambalo madini ya kawaida hayana la kusema. Uchaguzi huo mmoja unawapunguzia kurasa kadhaa za mafunzo. Kama kifaa chenu kitakuwa na kito cha zinki selenaidi badala ya almasi, andikeni ukutani kwa herufi kubwa kwamba asidi haigusi kito hicho, kwa sababu huzalisha gesi yenye sumu ya haidrojeni selenaidi.

Kisha kuna jambo ambalo nalisema kwa msisitizo: ajirini fundi sanifu kabla ya kupokea mashine, na mtengeeni fedha za kwenda kujifunza. Vyuo hupokea vifaa vya thamani, vikapigwa picha na wageni, na baada ya miaka miwili vikafunikwa kitambaa kwa sababu mtu pekee aliyejua kuviwasha amehama. Fundi sanifu ndiye mwalimu halisi wa usalama. Mhadhiri hufika na kuondoka, lakini yeye ndiye anayeona nani amevaa miwani na nani ameibandika kichwani, na anapaswa kupewa mamlaka ya kusimamisha kazi ya mtu yeyote, awe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au profesa.

Mchimbaji mdogo, Handeni: Mhariri, je, mashine hiyo inaweza kuniambia kama mwamba wangu una dhahabu?

Kaka, haiwezi. Infraredi huona mtikisiko wa viungo vya kikemikali kama vile kaboni na oksijeni, silikoni na oksijeni, au oksijeni na haidrojeni. Dhahabu ni metali, haina viungo vya namna hiyo, na hata chumvi ya mezani haionekani katika eneo la kawaida la mashine hizi. Kwa dhahabu nenda kwenye maabara yenye kipimo cha moto, yaani ambapo sampuli huyeyushwa ili dhahabu itengwe, kama ile ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania iliyoko Dodoma. Infraredi ingekufaa kama ungekuwa na vito vya Bonde la Umba, kwa sababu wataalamu wa vito huitumia kutambua gundi iliyojazwa ndani ya nyufa za jiwe, na kwa almasi huonesha naitrojeni iliyomo na namna ilivyojipanga.

Mponda kokoto, Pongwe: Mhariri, mimi na wenzangu tunaponda mawe ya chokaa, na nyumbani wazee walichoma chokaa ya matumbawe. Nataka kujua mambo mawili. Kwanza, je, mashine ya infraredi inaweza kulitofautisha jiwe la Pongwe na tumbawe la pwani? Pili, kama wanafunzi wanafundishwa kujikinga na vumbi la jiwe moja tu, sisi tunaokula vumbi siku nzima tufanye nini?

Kaka yetu, barua yako ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote, kwa sababu maswali yako mawili yana jibu kutoka mashine moja.

Kama nilivyotaja juu, namba hizi ni idadi ya mawimbi yanayoingia katika sentimita moja, na kila madini humeza mwanga kwenye namba zake. Mawe ya chokaa ya Tanga ni ya kipindi cha Jurasiki, na yamejengwa hasa kwa kalsaiti, ambayo huonekana karibu na 1420, 875 na 712. Tumbawe changa la pwani limejengwa kwa aragonaiti. Kwa kemia ni kitu kile kile, kalsiamu kaboneti, lakini chembe zake zimepangwa kwa namna nyingine, kwa hiyo kilele cha 875 huhamia karibu na 858, kile cha 712 hugawanyika kuwa viwili kwenye 713 na 700, na kingine huchomoza kwenye 1083. Mtu aliyezoea hutambua kwa sekunde chache. Tahadhari ni kwamba tumbawe la kale lililokaa nchi kavu kwa maelfu ya miaka hubadilika taratibu kuwa kalsaiti, na hapo mashine haitakuambia lilizaliwa baharini. Jiwe lenye udongo wa kaolini huonesha vilele vikali kwenye 3695 na 3620, na lenye dolomaiti, madini yenye magnesiamu, huonesha 729, jambo ambalo wenye viwanda vya saruji hulitazama kwa makini kwa sababu magnesiamu ikizidi huharibu saruji.

Wazee wako walipochoma matumbawe, moto uliondoa kaboni dayoksaidi ukaacha chokaa hai. Ilipotiwa maji na kupakwa ukutani, ilirudisha kaboni dayoksaidi kutoka hewani ikawa kalsaiti, si aragonaiti tena. Kwa hiyo kwenye ukuta wa magofu ya Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, kipande cha tumbawe na lipu iliyopakwa juu yake vinaweza kutoa spektra mbili tofauti ingawa vyote vimetoka bahari moja. Lipu ya chokaa iliyochomwa hutofautiana hata na kalsaiti ya mwamba wa asili, kwa uwiano wa urefu wa vilele vyake, na waakiolojia hutumia tofauti hiyo kutambua mahali ambapo watu wa kale walichoma chokaa.

Sasa vumbi. Chokaa safi ina kwatsi (madini magumu ya silikoni na oksijeni) kidogo, lakini mawe mengine mnayoponda, hasa yale magumu yanayotoa cheche, yanaweza kuwa na kwatsi nyingi. Vumbi laini la kwatsi huingia mpaka ndani kabisa ya mapafu na kusababisha silikosisi, maradhi yasiyo na tiba ya kuyaondoa, na tangu mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka vumbi hilo katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Hapa ndipo utaelewa kwa nini mwanafunzi wa infraredi hufundishwa kwa ukali hivyo kuhusu jiwe moja tu. Ili spektra iwe nzuri, unga lazima uwe laini kuliko wimbi la mwanga wenyewe, yaani kama sehemu mbili kati ya elfu za milimita, na unga wa ukubwa huo ndio hasa unaopita koo na kufika ndani kabisa ya mapafu. Kazi inayofanywa vizuri hutengeneza vumbi baya kuliko kazi inayofanywa ovyo. Kwa hiyo husaga ndani ya kinu cha akiki kilicholowanishwa kwa spiriti, chini ya kabati linalofyonza hewa, moto ukiwa mbali.

Kwatsi ina vilele pacha kwenye 798 na 779 ambavyo ni rahisi kuvitambua. Wapimaji wa afya kazini humvalisha mfanyakazi pampu ndogo yenye kichujio kwa zamu nzima, kisha hupima kichujio kile kwa infraredi na kusoma pacha hao ili kujua amevuta kwatsi kiasi gani. Marekani, kwa kanuni ya mwaka 2016, kikomo ni miligramu 0.05 katika mita moja ya ujazo ya hewa kwa wastani wa zamu ya saa nane, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Kutokuona vumbi si ushahidi kwamba halipo.

Ninyi mnaweza kuanza na maji. Lowanisheni jiwe kabla ya kuliponda na eneo kabla ya kulifagia, kaeni upande upepo unakotoka, msikung'ute nguo za kazi ndani ya nyumba wala kuzichanganya na za watoto. Barakoa za kitambaa hazizuii vumbi la ukubwa huo. Zinazofaa ni zile za kuchuja zenye alama ya N95 au FFP2, zikikaa sawasawa usoni. Kama mna mwajiri, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamtaka awape vifaa vya kinga na mafunzo bila kuwatoza, na mnayo haki ya kuwaita wakaguzi wa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Mwenye kikohozi kisichokwisha au anayeishiwa pumzi aende hospitali na amwambie daktari kazi yake waziwazi, kwa sababu silikosisi hufanana na kifua kikuu kwenye picha, na mwenye silikosisi hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi.

Ukitaka jiwe lako lipimwe chuoni, chukua kipande kisichopigwa na hali ya hewa, kutoka ndani ya mwamba, cha ukubwa wa yai la kuku. Usikishike kwa mikono yenye mafuta, kwa kuwa mafuta ya ngozi huonekana karibu na 2920 na 2850 na kumsumbua msomaji wa spektra. Kiache kikauke kivulini. Usikianike juu ya jiko, maana kikiwa na jasi ndani yake joto litaiondolea maji na mashine itaonesha madini mengine. Kifunge katika mfuko safi wa nailoni, na kwenye karatasi iliyo nje ya mfuko uandike mahali ulipokitoa, kina chake na tarehe.